Uvimbe Usiouma Ndio wa Kuwahi

"Dada, kinundu kipo kwenye titi, lakini hakiniumi. Kweli kuna haja ya kupanda bodaboda hadi hospitalini Katesh?"

Swali hili hunijia kwa sura nyingi kutoka kwa wadogo zangu wa Gitting na vijiji vya jirani, huko chini ya Mlima Hanang. Mmoja huuliza kwa niaba ya mama mkwe. Mwingine husema ni la jirani yake, huku kiganja chake mwenyewe kimeegemea kifuani. Jibu langu kwa wote ni hilo hilo: ndiyo, ipo haja, na usingoje mpaka kikuume.

Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu najua tunavyopima ugonjwa huku kwetu. Mtu anahesabiwa mgonjwa siku anaposhindwa kuamka. Maadamu jembe linashikika, ng'ombe wamekamuliwa na kuni zimefika nyumbani, basi ni mzima. Kwa malaria kipimo hicho kinaweza kukusaidia, maana malaria itakulaza tu. Kwa saratani ya matiti kinatupoteza. Mwanzoni mara nyingi haiumi, haileti homa, haikatishi hamu ya kula, wala haimzuii mtu kupalilia maharage. Unaweza kupanda na kuvuna nayo ndani ya titi bila siku moja ya kulala kitandani. Ikija kuuma, mara nyingi imeshapasua ngozi au imeshafika kwenye mifupa, na hapo madaktari wanazungumza lugha nyingine kabisa.

Nchini Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa wanawake 80 hivi kati ya kila 100 wanaogunduliwa hufika wakiwa katika hatua ya 3 au ya 4, yaani ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Isome tena sentensi hiyo, mdogo wangu. Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Matiti yao hayana tofauti na yetu. Wenzetu wanawahi, na wakishawahi wanapata matibabu na kuyamaliza.

Basi tuanze na huo uvimbe. Wa saratani mara nyingi ni mgumu, kingo zake hazieleweki, na ukiusukuma kwa kidole hauhami kirahisi, kana kwamba umeshikamana na nyama ya ndani. Lakini nisikilize vizuri hapa, maana wengi huishia kujipima wenyewe na kujitolea hukumu: ipo saratani yenye uvimbe laini, na ipo inayouma. Vidole vyako haviwezi kukuambia ni nini. Kazi ya vidole ni kugundua kuwa kuna kitu kipya. Kusema ni kitu gani, hiyo ni kazi ya vipimo.

Na usiingiwe na hofu kabla ya wakati. Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Binti wa miaka 18 au 25 anaweza kuwa na kinundu cha mviringo kinachoteleza huku na huku chini ya kidole, na mara nyingi hicho hakina ubaya. Wapo wenye vifuko vya maji. Wapo ambao matiti yao hujaa vinundu siku chache kabla ya hedhi, kisha vinatoweka hedhi ikipita. Ndiyo maana kwa aliye bado na hedhi nampa muda wa mzunguko mmoja, usiozidi hapo. Kama hedhi imekuja ikaondoka na kinundu kipo pale pale, safari. Aliyekwisha kukoma hedhi asisubiri hata huo mmoja. Kwake kila uvimbe mpya ni wa kupeleka.

Kuna dalili ambazo hazina uvimbe kabisa, na hizi ndizo zinazotupita. Ngozi ya titi inabonyea mahali pamoja, hasa ukiinua mkono. Au inakuwa nene yenye vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa imesimama miaka yote inaanza kuingia ndani, upande mmoja. Majimaji yanatoka yenyewe bila kukamuliwa, na yakiwa na damu usilale nalo jambo hilo. Titi moja linabadilika ukubwa au umbo kwa muda mfupi. Kinundu kinajitokeza kwapani, au juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kidonda kinatokea kwenye titi na hakifungi. Kuna na nyingine ambayo huchukuliwa kuwa ukurutu: chuchu inababuka, inatoa magamba, inawasha, inapakwa mafuta mwezi hadi mwezi na haiponi. Ukurutu wa kawaida mara nyingi hushika pande zote mbili. Ukikaa kwenye chuchu moja tu na kukataa kupona, uonyeshe kwa daktari.

Vitabu vingi husema ngozi "inakuwa nyekundu". Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Utaona rangi imekolea zaidi, inaelekea zambarau au weusi uliozidi, na ukigusa pana joto. Usikae unatafuta wekundu wa kwenye picha.

Sasa tuje kwenye namna ya kuyajua matiti yako, na hapa nataka tuzungumze kwa hali halisi ya Gitting. Huko ni baridi. Mtu anaoga haraka jioni, maji ya moto ndoo moja, bafu la nje lenye giza, kisha sweta juu ya gauni na kitenge au shuka juu ya sweta. Kioo cha nyumbani ni kile kidogo cha kuangalia uso. Mwanamke anaweza kumaliza mwaka mzima hajaliona titi lake mchana kweupe. Kwa hiyo usingoje kioo kirefu cha hospitali. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, ambapo matiti hayajajaa wala hayaumi, funga mlango wa chumba mchana dirisha likiwa linaingiza mwanga. Aliyekoma hedhi achague tarehe atakayoikumbuka, hata ile ya kikao cha kikoba.

Kaa kitandani, shusha nguo hadi kiunoni, na uangalie tu kwanza. Mikono chini, kisha mikono juu ya kichwa, kisha viganja vikibana kiuno ili misuli ya kifua ikaze. Angalia kama ngozi inavutwa mahali. Halafu lala chali, kunja kanga uiweke chini ya bega la upande unaotaka kupima, na mkono wa upande huo uweke chini ya kichwa. Kwa mkono mwingine tumia vidole 3 vya katikati, sehemu ya nyama ya vidole na si ncha. Paka mafuta kidogo viteleze. Anza chini ya mtulinga, shuka hadi chini ya titi, sogea upana wa kidole, panda tena, shuka tena, mpaka umemaliza kutoka kifuani katikati hadi ndani ya kwapa. Kila mahali bonyeza mara tatu: kidogo, wastani, kisha kwa nguvu mpaka usikie mbavu. Usilishike titi kwa kulifinya, maana nyama ya titi ikifinywa yote ni vinundu. Mwezi wa kwanza utahisi kila kitu ni cha ajabu. Mwezi wa tatu utakuwa umeshalijua titi lako, na kilicho kigeni kitajitangaza.

Nitakuwa mkweli kwenu. Utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai kwa wanawake wa viwandani ulionyesha kuwa kufundisha watu kujipima peke yake hakukupunguza vifo. Kujipima ni kwa ajili ya kujijua, na hakufai kitu kama mtu akishagundua anakaa kimya. Kwa upande mwingine, utafiti wa Mumbai uliotolewa mwaka 2021, baada ya kufuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20, ulikuta kwamba wahudumu wa afya wa kawaida waliofundishwa kupima matiti kwa mikono kila baada ya miaka 2 walisaidia kupunguza vifo kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na mikono iliyofundishwa. Kwa hiyo ukienda kliniki kwa jambo lolote, iwe uzazi wa mpango au kumpeleka mtoto kwenye chanjo, mwambie nesi: naomba unipime na matiti. Ni haki yako kuomba.

Kwa mama anayenyonyesha, soma hapa taratibu. Titi la kunyonyesha hupata mambo mengi: maziwa kuganda, chuchu kuchanika, titi kuvimba na kuleta homa, hata jipu. Mengi hutibika kwa mtoto kunyonya vizuri na dawa za kuua bakteria. Tatizo ni kwamba ipo saratani kali inayojifanya hivyo hivyo: titi zima linavimba, linapata joto, ngozi inakuwa nene, na huenda usiguse uvimbe wowote. Kanuni yangu ni hii. Umepewa dawa, umemeza zote kama ulivyoelekezwa, wiki 2 zimepita na titi halijarudi hali yake: rudi, na safari hii usikubali kupewa vidonge vile vile kwa mara ya pili. Omba rufaa. Wapo wanaotuambia mama mwenye mtoto mchanga hawezi kupata saratani ya titi. Si kweli. Barani Afrika karibu nusu ya wanawake wanaogunduliwa wana umri chini ya miaka 50, na wamo wenye watoto mgongoni.

Na hizi fedha na simu tunazotia kwenye sidiria siku ya mnada? Nimeulizwa sana. Hakuna ushahidi kwamba noti, sarafu au simu ikikaa hapo inaleta saratani. Wala haiambukizwi kwa kunyonyana, kulala pamoja au kutumia ndoo moja ya kuogea. Umri, ndugu wa damu waliowahi kuugua, unene uliopitiliza na pombe, hata ya kienyeji, huongeza uwezekano. Kunyonyesha kunaupunguza kiasi. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Kwa hiyo usimwulize mgonjwa alifanya nini. Na wanaume nao wana nyama ya titi: katika kila wagonjwa 100, mmoja au pungufu huwa mwanamume. Shemeji mwenye kinundu kigumu nyuma ya chuchu naye aende.

Ukifika zahanati, sema kwa ufasaha: "Nina uvimbe kwenye titi la kushoto, nimeugundua mwezi uliopita, haujaondoka." Usiseme kifua kinabana ukidhani atakuelewa kwa ishara. Aibu hii imewapeleka wengi nyumbani na dawa za kikohozi. Nina ombi maalumu kuhusu mama zetu na bibi zetu wanaozungumza Kiiraqw au Kidatoga na Kiswahili kwao ni kigumu. Mara nyingi wanasindikizwa na mjukuu wa kiume, kwa kuwa ndiye mwenye pikipiki na ndiye aliyesoma. Mtafsiri anakuwa yeye. Hebu fikiri, bibi atamwambiaje mjukuu wake amweleze daktari kuhusu chuchu yake? Atasema mgongo. Atapewa dawa ya mgongo. Mjukuu aendeshe pikipiki, ni sawa, lakini chumbani aingie binti, mkwe au jirani wa kike.

Kutoka zahanati njia inapanda: hospitali ya wilaya pale Katesh, au ya rufaa ya mkoa Babati. Wengine wa ukanda wetu huenda Haydom, hospitali ya Kilutheri inayohudumia watu wa Mbulu na Hanang tangu mwaka 1955, au Dareda. Popote utakapofika, uliza mambo matatu kama yamefanyika: umepimwa kwa mikono, umepigwa picha (utrasaundi, au mamografia, yaani eksirei ya matiti, kwa umri mkubwa), na kimechukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kwenda maabara. Bila kinyama hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ni saratani. Najua maneno yanayozunguka, kwamba sindano "inaamsha" ugonjwa na kisu kinausambaza. Kinachousambaza ni muda. Mgonjwa aliyefika na uvimbe wa sentimita 8 akafanyiwa upasuaji, kisha akafariki, watu husema kisu kimemuua. Alifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo: tangu mgonjwa aonekane mara ya kwanza hadi jibu kamili kupatikana, zisizidi siku 60. Ziandike kwenye daftari la kliniki. Majibu yakichelewa, piga simu au tuma mtu aulize. Kinyama kinaweza kukaa maabara na karatasi ikasahaulika mezani, huku wewe unasubiri nyumbani ukidhani kimya maana yake ni uzima.

Kuhusu waganga na vikombe, sitamdharau mtu, maana mwenye hofu hushika kilicho karibu. Mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa marehemu Babu Ambilikile Mwasapile, kunywa dawa yake, kikombe shilingi 500. Wapo waliotoka vitandani hospitalini wakaacha dawa. Ninachowaomba ni hiki: anayetaka kuombewa aombewe, anayetaka baraka za wazee azipate, lakini asiache tarehe ya hospitali ipite kwa sababu hiyo. Na asipake wala kukanda kwa moto uvimbe ambao haujapimwa.

Nimebakiza hofu kubwa kuliko zote: "watanikata ziwa". Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, wapo wanaoondolewa uvimbe peke yake na titi likabaki, kisha wakapigwa mionzi. Wengine huondolewa titi lote, na wanaishi, wanalima, wanalea. Baadhi hupewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kwa kawaida kila baada ya wiki 3 kwa awamu kadhaa. Nywele hukatika na huota tena. Wale ambao saratani yao inalishwa na homoni hupewa vidonge vya tamoksifeni vya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na hivyo havihitaji kulazwa. Matibabu makubwa yako katika hospitali za KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Ocean Road Dar es Salaam. Ni mbali, na gharama yake inaweza kula mbuzi na hata ng'ombe. Kabla hujauza chochote, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ukaeleze hali yako. Yupo kwa ajili hiyo, na wasio na uwezo wana utaratibu wa msamaha. Kikoba nacho kiwe kimezungumza mapema namna ya kumsaidia mwanachama wake.

Beth Mugo wa Kenya alikuwa Waziri wa Afya ya Umma alipowatangazia wananchi wake kwamba amegunduliwa na saratani ya matiti ikiwa bado changa. Alitibiwa, akarudi kazini, na baadaye akaingia Seneti. Alikuwa na uwezo ambao sisi hatuna, nakubali. Ila kusema kwake hadharani hakukuhitaji fedha, na hilo mama yeyote wa Gitting aliyepona anaweza kulifanya kanisani, msikitini au kisimani. Mtu akimwona Mama Fulani aliyekatwa titi miaka 7 iliyopita bado anashindana na wenzake kuvuna, hofu inapungua kuliko kwa mabango yote ya saratani ya matiti yanayotundikwa Oktoba.

Na tusingoje daktari ahamie kijijini. Dkt. Twalib Ngoma, aliyewahi kuongoza Taasisi ya Saratani Ocean Road, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti walioufanya vijijini hapa Tanzania. Walichukua watu wa kawaida, wakawapa mafunzo mafupi ya dalili za saratani, wakawatuma nyumba kwa nyumba kuuliza na kuelekeza wenye dalili hospitali. Wagonjwa wa eneo lile walianza kufika mapema kuliko wa eneo lisilofikiwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Viongozi wa vikundi vya akina mama tunao. Mwalikeni nesi kwenye kikao kimoja, awafundishe kupima, wanaume watoke nje nusu saa.

Na wewe unayesoma huku ukijua kuna kitu kwenye titi lako tangu msimu uliopita, ambaye hujamwambia mtu: mwambie dada yako au mumeo leo usiku. Kesho asubuhi nenda zahanati kabla ya kwenda shamba. Sema una uvimbe kwenye titi, omba upimwe, na usiondoke bila jibu au bila barua ya rufaa mkononi.